Fundi Sweta na Uzio Usionasa Farasi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuzunguka malisho yetu, Fundi Sweta anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kitengo cha uzio, yaani yeye na toroli lake, kitabaki wazi.

Wageni hudhani jina hilo limetokana na baridi. Wapi! Kila alipomaliza uzio, alivaa sweta kuukuu akautembea wote akiwa ameuegemea. Uzi uliponasa, paling'olewa msumari au palipigwa randa, maana alishikilia kwamba panaponasa uzi patanasa ngozi. Mkewe, mfumaji wa sweta zote hizo, ametuomba tusimzawadie nyingine.

Seng'enge hakutaka hata kuisikia. Farasi akishtuka, alisema, akili hubaki nyuma na miguu yote minne hutangulia, na waya mwembamba hauoni ng'o. Yeye alitaka mbao pana, nguzo zilizozikwa kikweli, na kona za mviringo ili mnyonge akifukuzwa na wenzake asibanwe. Tulimtania kwamba angeachiwa angekata hata kona za meza ya chai. Alizikata.

Hakuanza akiwa malaika. Mwaka wake wa kwanza alipigilia mbao upande wa nje wa nguzo, ili wapita njia waone uzio unavyopendeza. Farasi, ambao hupenda kuegemea kuliko walinzi, waliegemea. Misumari ikachomoka, nao wakaenda kula maua ya jirani. Jirani alikuja juu, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo mbao hukaa upande wa ndani, na wapita njia wamezoea.

Mwaka jana aliletwa farasi jike mwenye makovu ya seng'enge miguuni. Tulimwita Shangazi, kwani akisema hapana, hapana. Alikataa katakata kutoka bandani. Miguu ikaanza kuvimba, na daktari wa mifugo akatueleza waziwazi kwamba asipotembea tutampoteza. Fundi akaondoa kila waya, hata wa kuanikia nguo, uliokuwa ukionekana kutoka mlangoni, akaweka mbao nyeupe, kisha kila asubuhi akawa anatembea naye bega kwa bega. Shangazi akapona, ila bila Fundi hakuvuka lango. Tuliposikia anastaafu, roho zetu zilikuwa juu.

Juzi Fundi alifungua lango, akabaki nje, mikono mfukoni. Shangazi alisimama, akapuliza pua. Sote tuliacha kazi. Kisha akaingia peke yake, akaenda hadi mwisho wa malisho, akajikuna shingo kwenye ubao na kuanza kula. Hakugeuka hata mara moja. Fundi alilalamika kwamba mnyama huyo hana adabu, kwani mtu huagwa. Halafu akageukia ukuta wa banda, akaanza kukagua misumari yake, mmoja mmoja.

Ahsante sana, Fundi. Tunakupenda, na tutaona pengo lako kila siku. Kapumzike na mama watoto, uamke saa uitakayo, afya isikupungukie. Leo asubuhi Shangazi alitoka mwenyewe, kabla hatujamwita.