Bi Kisigino, Aliyeujulia Hali Mguu

Tarehe 30 mwezi huu Bi Kisigino anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwaelimisha wagonjwa wa kisukari katika kliniki yetu. Jina hilo alipewa na wagonjwa, kwa kuwa haruhusu mtu aondoke kabla hajamkagua visigino. Mimi wa dirisha la dawa nimekaguliwa mara kadhaa, na kisukari sina.

Alianza kwa kufundisha yale tuliyofundisha sote: chakula, sindano, viatu visivyobana. Mgonjwa akirudi na sukari iko juu, tulimfokea kidogo na kumfundisha upya. Kwamba huenda mtu ana huzuni, hilo halikuwa somo letu.

Kisha likaja agizo kutoka juu: kila mgonjwa aulizwe kama ana sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha. Bi Kisigino akauliza. Wengi hawakuwahi kulisikia neno hilo, wakadhani ni dawa. Mmoja alisema anayo, ila imebaki ya siku mbili tu, aongezewe. Mwingine alilalamika kwamba jirani yake amepewa na yeye amenyimwa. Wote wawili wakaja kugombana dirishani kwangu.

Tukabadilisha swali, tukauliza habari za moyo. Wote wakajibu nzuri, maana kwetu habari huwa nzuri hata nyumba ikiwa inaungua. Tukatoa taarifa kwamba kliniki yetu haina hata mtu mmoja mwenye huzuni. Wakubwa walifurahi mno, wakatuletea cheti chenye fremu.

Kati ya hao wenye habari nzuri alikuwamo fundi cherehani ambaye sukari yake ilitushinda. Siku moja Bi Kisigino alimwekea mapajani mguu wa plastiki, wa kushoto, ule wa kufundishia kuosha katikati ya vidole. Kwa uchovu, badala ya kumsalimu fundi, akausalimu mguu. Fundi akaujibia.

"Huu hauna hali, dada."

Akaeleza kwamba tangu mama watoto azikwe, mguu hauoni sababu ya kuamka. Sindano umeziacha makusudi. Unataka ulale moja kwa moja.

Bi Kisigino hakucheka, wala hakufundisha kitu. Aliuuliza mguu maswali yote ya sonona, taratibu, kisha akamshika fundi mkono, mguu kwapani, wakavuka uwanja hadi kwa daktari wa afya ya akili. Mlinzi aliwafuata mbio akimtafuta mwenye mguu.

Baada ya hapo foleni ilifika getini. Kila mgonjwa alitaka kuongea na mguu. Tulipoleta wa kulia waliukataa, eti una haraka. Ofisi ya utumishi ikauliza kwa nini mguu haujaenda likizo. Bosi akaja kukomesha upuuzi huo, akajifungia nao nusu saa, akatoka macho mekundu na kuidhinisha mingine minne, yote ya kushoto.

Fundi yu hai, na anajidunga mwenyewe kila siku. Gauni alilovaa Bi Kisigino leo amelishona yeye. Mkono mmoja umezidi mwingine, na ole wako umwambie.

Dada yetu, asante kwa wagonjwa ambao sisi tungewafokea hadi kaburini. Tunakuombea mapumziko yenye afya, na watu wa kukaa nao. Jumatatu tutakupigia simu kukuuliza habari. Kama si nzuri, sema si nzuri. Tutakuja.