Mama Chapisha na Walimu wa "Tunapitia Kwanza"

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja nusu saa hii tumkumbuke mwenzetu aliyetutoka. Leo mtanivumilia. Kwa kawaida kipindi hiki tunakiendesha kwa upole, lakini leo nimeingia studio nimefura, na fundi mitambo wangu huko nyuma ya kioo ananionyesha kwa mkono nishushe sauti. Haya, nimeshusha. Ila sijaahidi kwa muda gani.

Tunamkumbuka mwanamke mmoja ambaye shule nyingi zilimjua kwa jina la Mama Chapisha. Alikuwa mwalimu wa lugha, baadaye akawa mwalimu wa walimu wa lugha. Alifariki dunia wiki mbili zilizopita kwa ugonjwa wa moyo. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mama Chapisha, mwalimu wa walimu wa lugha, hatunaye tena.

Kazi yake ilikuwa kuwasaidia walimu wa lugha waanze kutumia blogu na madarasa yao. Blogu, kwa asiyeijua, ni ukurasa kwenye mtandao. Darasa linaandika, mtu yeyote aliye popote anasoma, na akitaka anajibu pale pale chini. Basi. Mtoto kaandika, mtu kasoma. Ungedhani ni kazi ya asubuhi moja, halafu mnakwenda kunywa chai.

Sasa, wasikilizaji, mimi nawapenda walimu. Dada yangu ni mwalimu, shemeji yangu ni mwalimu, na kila nikiwatembelea narudi nyumbani nimesahihishwa. Lakini lazima tuseme ukweli. Walimu walimchosha yule mama.

Siku yake ya kwanza katika shule moja, alikuta chumba cha kompyuta kimefungwa na mwenye ufunguo kaenda benki. Akasubiri kwenye ngazi. Mlango ulipofunguliwa, walimu wa lugha wakaingia, wakakaa, kila mmoja kaweka mikono mapajani kana kwamba kompyuta ile itamuuma. Mama Chapisha akawaambia waandike sentensi moja tu, jinsi walivyofika kazini asubuhi ile, kisha wabonyeze palipoandikwa "chapisha". Wakaandika. Hakubonyeza mtu. Akauliza kulikoni. Mwalimu mmoja mwenye miwani akamjibu kwa heshima zote, "Tunapitia kwanza, mama."

Sentensi moja, jamani. Nimechelewa, gari liliharibika. Mpaka chakula cha mchana walikuwa bado wanaipitia. Yeye akawa anazunguka kati ya meza, akimgusa huyu bega, akimgusa yule. Chapisha, mama. Chapisha, baba. Hapo ndipo jina lilipozaliwa, na waliompa ni walimu wenyewe, kwa kumtania.

Yule mwalimu mwenye miwani ndiye tutakayekuwa naye leo. Wanafunzi wake wanamwita Kalamu Nyekundu, na anajua wanamwita hivyo, na nadhani anafurahia. Mama Chapisha aliporudi baada ya muda kuangalia maendeleo, Kalamu Nyekundu alimpokea getini kwa furaha. "Blogu yetu iko tayari," akamwambia, akamshika mkono akampeleka mpaka kwenye ubao wa matangazo. Alikuwa amezitoa kurasa zote za blogu kwenye karatasi, akazisahihisha kwa wino mwekundu, akazibana kwa pini. Mtandaoni hakukuwa na kitu. Blogu ilikuwa ukutani, jirani na ratiba ya mitihani.

Akamfundisha upya. Safari iliyofuata, mambo yalikuwa mtandaoni kweli, na Kalamu Nyekundu alikuwa amejifunza hata kujibu. Chini ya kazi ya kila mtoto alikuwa ameandika: "Kumi na mbili juu ya ishirini. Mwandiko mzuri." Wasikilizaji wapendwa, ile ni kompyuta. Mwandiko ni wa kompyuta. Darasa zima lilikuwa na mwandiko mzuri, wote sawasawa.

Mama Chapisha alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mdogo wake wa kiume, ambaye ni fundi bomba na ndiye aliyekuwa akimpitia na gari lake la kazi, anatuambia kilichofuata. Anasema, "Dada alicheka mbele yao. Alipoingia garini, akalia. Aliniambia, 'Wanasoma makosa. Watoto wenyewe hakuna anayewasoma.'"

Basi akatafuta msomaji. Hakwenda mbali. Mama yake mzazi, fundi cherehani mstaafu, miguu ilikuwa imeshamgomea, anashinda kwenye kiti karibu na dirisha. Wajukuu wa mtaa mzima wanamwita Bibi, na sisi tumwite hivyo. Mama Chapisha akamnunulia kishikwambi, ile simu pana kama sinia, akamwonyesha pa kusoma na pa kuandika. Bibi akavaa miwani. Tangu siku hiyo, kila mtoto aliyeandika alipata jibu, na jibu la Bibi halikubadilika hata mara moja. Aliandika hivi: "Nimesoma. Kisha ikawaje?"

Mvulana mmoja aliandika kwamba bomba la shule limepasuka na uwanja umejaa maji. Mistari minne, akaweka nukta, akaondoka. Bibi akajibu: "Nimesoma. Kisha ikawaje?" Kesho yake mvulana huyo, ambaye Kalamu Nyekundu alikuwa amemkatia tamaa, alikosa mapumziko kwa hiari yake. Alikuwa kwenye kompyuta anamweleza Bibi jinsi mwalimu mkuu alivyovuka maji amebeba viatu kichwani. Ukurasa mzima. Watoto wakaanza kugombea kompyuta, kila mtu anataka kuulizwa na Bibi. Mama Chapisha naye akawa anaingia darasani kuwafundisha mwenyewe.

Kalamu Nyekundu hakuridhika. Akamuuliza Mama Chapisha, huyu msomaji wako haoni makosa? Mama Chapisha akamjibu, "Anayaona. Ila ana haraka ya kujua kilichotokea."

Haya. Ndipo moyo ukamzidi Mama Chapisha, akalazwa, na hakurudi. Wiki mbili zilizopita. Habari ilipofika shuleni, watoto wale waliandika siku ile ile. Hakuna aliyewaamuru. Walikwenda wenyewe chumba cha kompyuta, wakaandika juu yake, wakambakishia mwalimu kazi ya kubonyeza.

Na mwalimu akafanya nini? Mnajua alichofanya. Nisiwapotezee muda.

Nyumbani kwa marehemu, Bibi alikuwa anafungua ule ukurasa kila siku. Msiba umejaa watu, mikeka imetandikwa, yeye ana kishikwambi mapajani. Fundi bomba anasema, "Mama ananiuliza kila asubuhi, 'Wale watoto hawajaandika kitu?' Namwambia bado. Juzi akasema, 'Basi labda hawakumpenda. Labda alikuwa anajipa moyo tu.'"

Tukazika, wasikilizaji. Matanga yakaisha, mikeka ikakunjwa. Ukurasa bado mtupu. Jana nikachukua kinasa sauti nikaenda shuleni mwenyewe.

Ofisi ya walimu ni ile mnayoijua: birika la chai mezani, marundo ya madaftari, na saa ya ukutani iliyosimama. Kalamu Nyekundu alinikaribisha vizuri. Nikamuuliza habari za maandishi ya watoto. Akaniambia yapo tayari yote, nisiwe na shaka, wanapitia kwanza. Nikamuuliza wanapitia nini kwa wiki mbili. Akasema ni suala la heshima. Marehemu alikuwa mtu mkubwa katika lugha, haiwezekani aagwe kwa makosa. Tena mwalimu mkuu hajaridhia. Kuna binti ameandika mambo ya viatu.

Mwalimu mkuu akaja, akaongeza kwamba marehemu hatajwi kwa mambo ya viatu. Ameagiza binti aandike upya, aanze na tarehe ya kuzaliwa, elimu na vyeo.

Nilikuwa na maneno mengi, na mengine hayafai kwa redio. Lakini nilisema moja tu. Niliwaambia kwamba mama wa marehemu anafungua ukurasa ule kila siku, anaukuta mtupu, na sasa anaamini watoto hawakumpenda mwanawe.

Kalamu Nyekundu alivua miwani. Akaivaa tena. Kisha akaniuliza taratibu, "Bibi bado anasoma?" Nikamwambia ndiyo. Akainuka, akaenda chumba cha kompyuta, na safari hii ufunguo ulikuwepo. Akabonyeza kazi ya kwanza, ya pili, akaendelea mpaka zikaisha. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni akisema angalau vichwa vya habari vibadilishwe. Hakuna aliyemgeukia.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Bibi. Fundi bomba alikuwa amekaa naye. Bibi alikuwa ameshaanza kusoma, midomo inamchezacheza. Alipofika kwa yule binti wa viatu, alisoma kwa sauti, nami nikarekodi. Nawasomea kama yalivyo, bila kupitia:

"Siku ya mwisho mwalimu alivua viatu kwa sababu vinambana. Alifundisha pekupeku. Alisema sakafu yetu ina baridi nzuri. Tulicheka na yeye akacheka. Kengele ikalia. Akavaa viatu, akatuaga, akatoka."

Bibi akasema, "Nilimwambia vile viatu havimtoshi. Mbishi." Akacheka. Kicheko kikageuka, akajifuta kwa ncha ya khanga, akavuta kishikwambi karibu. Akaanza kuandika kwa kidole kimoja, chini ya maneno ya binti yule. Nimesoma. Kisha ikawaje?

Mwanawe akataka kukichukua kile chombo. Akamwambia, mama, mbona unajua ikawaje. Bibi akamtoa mkono wake taratibu. "Mimi najua ya kwangu," akasema. "Ya kwao siyajui."

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ilikuwa jana. Kwa niaba ya kituo chetu natoa pole kwa Bibi, aliyemzika mwanawe. Pole kwa fundi bomba, aliyempoteza dada na abiria wake wa kila siku. Pole kwa wanafunzi wa shule ile, na pole, ndiyo, hata kwa walimu wao. Mola ampumzishe Mama Chapisha mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize ni maneno gani tunayoyashikilia mpaka yatakate, na ni nani amekaa dirishani anayangoja.

Ningependa kumalizia hapo, kwa utulivu. Lakini leo asubuhi nimepata ujumbe kwenye simu, umetoka kwa Kalamu Nyekundu. Nausoma: "Habari za kazi. Yule binti amemjibu Bibi. Ameandika kirefu. Nalipitia kwanza jibu lake."

Mwalimu. Najua redio ya ofisi yenu huwa iko wazi saa hizi. Bibi ameshavaa miwani. Bonyeza.