Dwight Kvamme, Aliyesema "Nimetoka" Mara Mbili

Baba Padre, ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa kijijini Nikolai kwa ndege ndogo, kwa pikipiki za theluji, na wawili wenu, nimewaona, kwa baiskeli, karibuni. Mimi ni Miska, kaka yake Marfa, kwa hiyo marehemu alikuwa shemeji yangu, na kwa miaka arobaini na minne hatukupitisha siku bila kutaniana, basi nikiteleza kidogo katika kusoma mnisamehe, kwa sababu yule wa kunirudishia utani amelala hapo mbele yenu.

Marehemu Dwight Arne Kvamme alizaliwa tarehe 9 Novemba 1957, huko Palmer, Alaska, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Arne na Solveig Kvamme, wakulima wa viazi na kabichi, akasoma hukohuko Palmer hadi alipomaliza sekondari mwaka 1975, kisha akajifunza uchomeleaji wa vyuma mjini Anchorage, kazi aliyoifanya mpaka mapafu yake yalipomkatalia.

Mwaka 1978 aliletwa hapa kijijini kuziba tangi la mafuta la shule, akaliziba kwa siku mbili, lakini akakaa wiki tatu, akidai kwamba tangi linahitaji kuangaliwa, na sisi sote tulijua ni nani aliyekuwa akiangaliwa. Mama yetu alimtazama akasema, "Mwembamba hivi, baridi ikija utabaki mfupa gani?" Akafunga ndoa na dada yangu Marfa katika kanisa hili tarehe 14 Juni 1980, wakajaliwa watoto wawili, Feodora aliyezaliwa mwaka 1982 na Anton aliyezaliwa mwaka 1985.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1987 alipochukua ringi mbili za baiskeli, akazichomelea ubavu kwa ubavu, akazivika tairi mbili zilizoshonwa pamoja, akatoka na baiskeli hiyo mtoni juu ya theluji. Nilimwuliza, "Shemeji, hiyo ni baiskeli, au ni trekta lililokonda?" Akanijibu, "Wewe cheka, theluji haicheki." Na kweli, sisi tulizama hadi magotini, yeye akapita juu, akituachia alama pana ya gurudumu na aibu yetu.

Tangu mwaka 1997 aliingia kila mwaka katika mbio za baiskeli zinazovuka milima hadi McGrath, mbio za siku na usiku katika baridi inayogandisha mate kabla hayajafika chini, na nyumba yangu ndiyo kituo cha mwisho kabla ya kumaliza. Wenyeji mnajua, ila kwa wageni niseme, kila mwanamashindano anayepita mlango wangu namwuliza jambo moja, "Unaendelea au umetoka?" na jibu analitoa kwa kinywa chake mwenyewe, hasemewi na mwenzake wala mkewe hata kama hawezi kusimama, na akishasema ametoka harudi tena mbioni. Na anayepanda pikipiki ya mtu, au anayekubali kushikwa mkono, huyo ametoka hata kabla ya kusema. Mara tatu Dwight alishika nafasi ya pili, na kuwa wa kwanza ndilo jambo pekee nililopata kumsikia akilitamani kwa sauti.

Tarehe 2 Machi 2006 aliingia kwangu akiwa wa kwanza, mapema alasiri, nyuma yake hapaonekani mtu, mbele yake umebaki mto tu, na upepo umeanza kupandisha theluji hadi madirishani. Alikula mchuzi wa nyama ya mawindo huku nikimwambia, "Kula taratibu shemeji, McGrath haihami," naye anacheka, jambo asilolifanya katikati ya mbio. Feodora pia alikuwa njiani, mara yake ya kwanza, lakini tulidhani amejificha katika kibanda cha njiani kungoja dhoruba ipite.

Hapo akaingia jirani yetu Pavila, ametoka kuwinda, masharubu yote barafu, akasema, "Dwight, nimempita binti yako kule kwenye msitu ulioungua. Anasukuma baiskeli, baridi imemla shavu. Nikamwambia panda, akanifokea, 'Nikipanda nimetoka, wewe nenda zako!'"

Dwight aliacha kutafuna. Kurudi kwa baiskeli dhidi ya upepo ule kungechukua hadi giza, na pikipiki yangu ilikuwa nje, lakini yeye akiikalia tu, mbio zimekwisha. Nikamwambia nitakwenda mimi. Akasema, "Hatakusikiliza. Hata mimi hatanisikiliza." Akavaa viatu, akaitazama baiskeli yake ukutani, akasimama mlangoni, nami nikamwuliza kama ninavyouliza watu wote, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu, Mungu anisamehe, nilitamani aseme anaendelea. Akasema, "Nimetoka," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Tukapanda pikipiki yangu, tukamkuta Feodora amekaa kando ya mto. Maji yalikuwa yamepanda juu ya barafu chini ya theluji, akayakanyaga, buti moja limekuwa gogo, na vidole vyake vya mikono havikumtii tena kufungua kamba. Alipotuona alipiga kelele, "Msiniguse! Mkinigusa nimetoka!" Nikamwambia Dwight amshike, anangoja nini, mtoto anakufa, lakini yeye alisimama pale, umbali wa mkono, mikono imening'inia, na ninawaambieni sijapata kuona mtu akiteswa namna ile. Kisha akachuchumaa, akasema, "Mimi nimeshatoka, mwulize mjomba wako. Siko kwenye mbio, mwanangu. Nimekuja kama baba tu." Feodora akanitazama, nikaitikia kwa kichwa, akaanza kulia na kutukana pamoja, "Mjinga wewe! Ulikuwa wa kwanza! Nani amekuomba?" Kisha akasema, "Nimetoka." Ndipo baba yake akakata buti lile kwa kisu, akafungua koti na shati, akautia mguu ule uliokuwa kama kipande cha barafu tumboni mwake, akaufumbata hadi tulipofika nyumbani.

Feodora alipoteza vidole viwili vya mguu. Dwight alishindana miaka mingine mitano, hakupata tena kufika kwangu akiwa wa kwanza, wala hakulitaja jambo lile, lakini Feodora alitembea nalo kama kokoto ndani ya kiatu, na mwaka 2012 alipoyamaliza mashindano hayo hakumpelekea baba yake habari, alimpelekea mama yake.

Kikohozi kilimwanza marehemu mwaka 2021, mapafu yakawa yanakakamaa, na mwezi Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa Anchorage. Daktari alitueleza kwamba wanaweza kumtia mpira kooni apumuliwe na mashine, huenda akapata wiki chache zaidi, lakini hatazungumza tena. Feodora alisimama mlangoni, akasema, "Baba yangu hajatoka! Kuna aliyemsikia akisema ametoka? Basi utieni huo mpira." Anton akamwambia, "Muulize, basi." Akajibu, "Muulize wewe!" Wote wakanigeukia mimi, maana kuuliza ndiyo kazi yangu, nikafungua kinywa, swali halikutoka.

Feodora ndiye aliyevuta kiti. Hakumgusa. Aliweka mkono karibu na mkono wake, umbali wa kidole, akamwuliza, "Baba, unaendelea au umetoka?" Dwight akaishusha mwenyewe barakoa ya oksijeni, akamtazama, akasema, "Nimetoka." Kisha akaongeza, "Nyumbani kuna mchuzi." Feodora akainuka, akapanda mwisho wa kitanda, akaifunua miguu ya baba yake iliyokwisha kupoa, akapandisha sweta yake, akaitia yote miwili tumboni mwake, akakaa hivyo mbele ya madaktari na wauguzi, na hakuna aliyemwambia ashuke.

Tulimrudisha hapa kwa ndege, akafariki tarehe 3 Februari asubuhi, nyumbani, Marfa akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, na ringi nyingi ambazo hatujui tuziweke wapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliotuachia nafasi ya kuuliza, rubani aliyeruka katika hali ya hewa isiyo nzuri, wachomeleaji wenzake, wanamashindano, akina mama waliokaanga mikate tangu juzi, na vijana waliokesha na moto kuiyeyusha ardhi hii ili tupate kuichimba.

Shemeji, kila aliyewahi kuusukuma mlango wangu nimemwuliza swali lile. Leo wewe sikuulizi. Jiko lina moto. Ingia, vua viatu, pumzika.