Mashine ya Kumi-Saba

Sogeeni karibu, wanangu. Darrell, zima hiyo televisheni, na wewe Coreen acha kulia kwanza, utalia nikimaliza, maana leo asubuhi nimeamka na pumzi kidogo na nataka niyaseme yote niyamalize. Nyumba hii ni yenu wawili. Gari mpeni jirani Ofelia, aliyenipeleka kliniki mwaka mzima bila kununa. Kofia yangu ya kuchezea msithubutu kuitupa. Hayo ni madogo; kubwa ni la mama yenu mkubwa, Arlene.

Mnajua sisi wa Las Vegas mashine ya poka hatuiiti kwa jina lililoandikwa juu yake. Tunasoma kioo kabla ya kukaa: karata tatu sawa na mbili sawa zinalipa ngapi, tano za alama moja, tuseme kopa tupu, zinalipa ngapi, na namba hizo mbili ndizo jina lake. Tisa-sita ina heshima yake. Nane-tano ni ya wageni walioshuka sasa hivi uwanja wa ndege. Lakini kumi-saba, ooh wanangu, hiyo ndiyo tuliyoiita malipo kamili, na pale kasino ya Silver Burro ilikuwepo moja tu, kando ya mlango wa jikoni, inanuka vitunguu. Mimi na Arlene tuliigundua, tukaapa tusimwambie mtu, kwani mashine nzuri ikishajulikana wenye kasino huibadilisha. Miaka sita tulipokezana kiti kile, mmoja akicheza mwenzake anakula pai, tukicheka mpaka mhudumu anatutishia kutufukuza. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu, marehemu baba yenu anisamehe.

Jumanne moja tukakaa kwa mazoea, kioo hatukukisoma. Saa nzima tunacheza tu. Arlene akapata kopa tano, mashine ikalipa tano badala ya saba. Kuinua macho, nane-tano! Nikamgeukia mbele za watu: "Ni wewe! Mdomo wako hauna breki, umewatangazia wenzako wa kanisani!" Alichukua mkoba wake akaondoka, na leo ni miaka kumi na tisa hatujasemeshana.

Sasa sikieni. Niliyesema ni mimi. Nilijigamba kwa bwana mmoja mwenye masharubu kwenye foleni ya chakula, nikamchorea na ramani kwenye karatasi ya kufutia mikono. Nilijua tangu siku ile ile, kiburi kikanifunga mdomo, na nimeona aibu kila siku.

Basi agizo langu, Coreen, mpigie umwambie... Unasemaje? Ulishampigia? Yuko hapo mlangoni?

"Nipo, Verna wee, na nilikuwa najua. Bwana wa masharubu alinionyesha ile ramani wiki ile ile. Mwandiko wako siujui?"

Mbona ulinyamaza, dada?

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Umechelewa, mjinga wewe. Sogea nikae."

Ha! Msinichekeshe, kifua kinauma. Wanangu, Mungu awape afya na watu wa kucheka nao. Mkikosana, msilale... msilale miaka kumi na tisa. Someni kioo kabla hamjakaa. Mpendeni huyu kama mimi.

Nipe mkono, dada. Uko baridi, kama kawaida yako. Kaa... kaa hapa. Zamu yako kucheza. Mimi... naenda kula pai.