Mianzi Ishirini ya Pak Karyo

Kibandani kwa Bu Tumi, yaani Mama Tumi, nyuma ya kitivo cha kilimo hapa Yogyakarta, Indonesia, kahawa inatumbukizwa kaa la moto ndipo unapewa. Benchi ni moja, wajuaji ni wengi, na mimi ni mmoja wao, Mungu anisamehe. Asubuhi hiyo walinichosha kabla hata sijakaa. Mwanafunzi wetu Wening anatetea tasnifu yake Jumatatu. Misimu mitatu amerudia utafiti maarufu wa msimamizi wake, ule unaosema bata wakiachiwa kwenye mpunga wanakula magugu na mavuno yanapanda. Mara zote tatu hayakupanda hata kidogo.

— Bata wako wazembe, — alisema msimamizi mwenyewe, Pak Giri, yaani Bwana Giri. Akigeuka tunamwita Kabati, maana takwimu zake zimefungiwa kabatini na ufunguo haujulikani ulipo.

— Bata wale wale, Pak, — Wening akajibu. — Nimewatoa kijiji kile kile.

— Basi hesabu, mdogo wangu! — akadakia Nyota, mtaalamu wetu wa takwimu, ambaye hatulii mpaka jedwali liote vinyota vya matokeo mazuri. — Toa mashamba mawili yanayokuzingua, piga upya. Yakigoma, toa la tatu.

— Nitoe mpaka lini?

— Mpaka nyota itoke!

— Mas, kaka yangu, huo ni utafiti au kamari?

— Tatizo bata wanajua wanachunguzwa, — Kabati akasema. — Bata akiona daftari tu, hagusi magugu.

— Kabisa! — Nyota akaunga mkono. — Mimi ningewapima bila daftari!

Nilitamani kujimwagia kahawa. Watu wazima, wenye shahada tatu tatu!

— Pak, nifungulie tu kabati nione namba za mwanzo. — Wening akamgeukia. — Jumatatu nitaulizwa mimi, si bata.

— Ufunguo nautafuta.

— Mwaka wa pili huu unautafuta!

Hapo akafika mzee mmoja na kikapu cha mayai ya bata ya kumuuzia Bu Tumi. Alipomwona Kabati akachangamka.

— Pak Giri! Mimi Karyo, niliyewakatia mianzi ya kuwekea alama mashamba ya bata. Ule utafiti uliishaje?

— Vizuri mno, Pak Karyo. Mashamba kumi na mawili, na mavuno yalipanda.

— Alhamdulillahi. — Mzee akatua kikapu, akajikuna kichwa. — Lakini nilikata mianzi ishirini, nikaichomeka mwenyewe, kila shamba mmoja. Yale manane mliyapeleka wapi?

Nyota akainamia glasi yake. Kabati akaanza kujipapasa mifukoni. Wening akasogea, akampisha mzee kwenye benchi na kufungua daftari.

— Kaa hapa, Pak Karyo. Unayakumbuka mashamba hayo manane?

— Nitasahauje? Matatu ni yangu.