Mayai Yenye Macho

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matairi, mbele ya kibanda cha fundi cherehani, na kila saa kumi alasiri dada wa kahawa hutua birika lake hapo. Wenyeji ni watatu: Fundi Pima, ambaye hata akikusalimia macho yanakupima mabega, Breki, dereva mstaafu, na Kinyozi, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe. Siku hiyo Fundi alikuja na picha kwenye simu na, kama siku zote, wembe wa kufumulia nguo mfukoni. Mkewe alikuwa amelazwa mji mwingine, wiki ya tatu sasa, binti yao akimuuguza. Nyumbani aliacha tangi lake la samaki wa maji ya chumvi, na ndani ya tangi, juu ya jiwe, kulikuwa kumeota vitu.

— Tazameni. Punje za rangi ya chungwa, mia na zaidi.

— Mayai ya konokono, alisema Kinyozi kabla hata ya kuvaa miwani.

— Konokono hayumo. Wamo samaki wawili tu, wale wenye mistari myeupe.

— Basi kaingia na chumvi. Chumvi ya pakiti unaijua ilikotoka?

— Huo ni ugonjwa, alisema Breki. Gari likianza vidoa vya kutu kama hivyo, wiki ijayo unabaki na usukani mkononi. Kwangua!

Fundi aligusa wembe wake.

— Leo yana macho, alisema taratibu. Kila moja mawili. Yananiangalia.

— Macho? Kinyozi alishtuka. Basi ni mamba! Kapita kwenye bomba akiwa mdogo. Wewe lala tu, utaamka umkute kwenye kochi anakuomba rimoti.

Dada wa kahawa alicheka mpaka akamwaga kikombe. Fundi hakucheka. Kama ni watoto, akiyakwangua atakuwa ameua kitu ambacho mkewe amekisubiri miaka. Kama ni ugonjwa, akiyaacha, mgonjwa atarudi akute tangi la maiti. Na Fundi mwenyewe ndiye aliyelinunia tangi hilo tangu siku lilipochukua nafasi ya meza yake ya kukatia. Siku hizi alikuwa akinywa chai mbele yake kila asubuhi, na samaki akiwaamkia. Hilo hakuwaambia.

— Na yule samaki mdogo hataki kula, aliongeza. Kutwa yuko pale pale, anayapepea kwa mapezi.

— Anajipepea mwenyewe, joto hili, alisema Breki.

Hapo akatokea mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, gauni mkononi.

— Shikamooni wazee. Nimeambiwa kuna fundi hapa, zipu imenigomea.

Fundi alilipokea gauni bila kulitazama. Dada wa kahawa akampa mgeni habari yote, kuanzia hospitali mpaka mamba.

— Kwani mwenyewe anasemaje? aliuliza mgeni. Mama mwenye samaki. Mmemuuliza?

Breki akachungulia kikombe chake. Kinyozi akavua miwani, akaifuta kwa shati. Wote walijua kwamba Fundi hupiga simu kila siku, na kila siku humwambia binti yake, "Msalimie mama," akakata. Mara ya mwisho alipoisikia sauti ya mkewe, ilikuwa nyembamba mno, na Fundi hakula siku mbili. Aliogopa kuisikia tena.

— Dada, niongezee kahawa.

— Imekwisha, Fundi. Piga simu.

Akapiga. Binti akapokea.

— Mpe mama yako.

Wote wakajifanya wanatazama barabara.

— Mke wangu... kuna mayai. Kwenye jiwe. Yana macho.

Kwanza zilisikika pumzi tu. Kisha sauti, ndogo, lakini yenye ukali wake uleule.

— Yule mdogo anayapepea?

— Kutwa. Hata kula hataki.

— Ndiye baba yao huyo. Mwache alee. Na huo wembe utoe mfukoni.

Fundi akautoa, akauweka kwenye benchi mbele ya watu wote.

— Nimeutoa.

— Haya. Sasa niulize na mimi ninaendeleaje.

Fundi alikaa chini, gauni la mgeni likiwa mapajani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

— Unaendeleaje, mke wangu? aliuliza, na safari hii hakukata.