Hector Gunn na Gari Lililopita Bila Kusimama

Baba yangu, marehemu Hector Gunn, alizaliwa hapa Rogart, Uskoti, tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili wa mchunga kondoo Angus Gunn na mkewe Jessie. Alisoma shule ya kijijini, akaacha mapema, akaajiriwa kuondoa theluji barabarani. Kazi hiyo aliifanya mpaka akastaafu.

Kodiani alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1974 alimwita Ewen Mackay, mpiga fidla aliyesoma naye, wakaanzisha Bendi ya Hector Gunn. Tarehe 14 Juni 1986 alimwoa mama, Ishbel, na jioni ile ile akapanda jukwaani kupiga. Mama alizoea kusema, "Harusini kwangu nilicheza na wanaume wote isipokuwa niliyeolewa naye."

Baba naye alizoea kumjibu, "Ningeshuka, Ewen angeharibu."

Mama alitutoka mwaka 2016.

Ugonjwa wa kusahau ulijitokeza Oktoba 2022, ukumbini, bendi ikipiga dansi. Mnajua wenyewe, muziki haukatwi mpaka jozi ya mwisho ya wachezaji ipate zamu yake. Baba aliukata jozi ya mwisho haijacheza. Mchezaji mmoja akasema kwa sauti, "Hector, umetuacha tumesimama kama nguzo za ua." Watu wakacheka. Ewen hakucheka.

Jumamosi iliyofuata baba alivaa tai, akakaa dirishani na kodiani mapajani. Gari la bendi likapita getini kwetu, jina la baba limeandikwa ubavuni.

"Wanakwenda kugeuzia kule juu," akaniambia.

"Ndiyo, Baba."

Hawakugeuza. Tangu hapo hakuna mwanabendi aliyebisha hodi. Baba alibaki kumpigia kodiani mjukuu wake Una, aliyejifunza kusimama kwa kushikilia sanduku la kodiani. Baba alifariki nyumbani kwa homa ya mapafu, tarehe 9 Februari 2025.

Juzi Ewen alikuja mlangoni, kofia mkononi. "Mairi, mwanangu, nipe kamba moja ya jeneza nimshushe rafiki yangu kaburini."

"Kamba zote zina watu, Ewen."

Si zote. Moja ataishika mfanyakazi wa mazishi, mtu ambaye hakuwahi kumsikia baba akipiga.

Ameacha dada yake Chrissie, mimi bintiye, mkwewe Callum na mjukuu wake Una. Kamba ya kichwani, ya ndugu wa karibu kabisa, nitaishika mimi.

Mungu ampe baba utulivu ambao sisi tulishindwa kumpa.